Mtandao wa kompyuta nyumbani: Daftari la duka lisiwe na majibu mawili

Msimu wa mbolea unapoanza, duka la pembejeo halina nafasi ya kubahatisha. Chukua mfano wa familia yenye duka mjini Makambako, mkoani Njombe. Duka liko mbele, linatazama barabara. Nyumba ya kuishi iko nyuma yake chini ya paa hilo hilo, na ghala la mahindi na viazi liko mwisho wa uwanja. Kompyuta ya duka ina orodha ya wakulima waliokopa mbolea. Mama mwenye duka ana kompyuta mpakato sebuleni, nayo ina orodha hiyo hiyo, iliyohamishwa kwa flashi Jumamosi iliyopita.

Mkulima anafika kulipa deni lake. Kompyuta ya duka inasema anadaiwa mifuko mitatu. Ile ya sebuleni inasema miwili. Mkulima mwenyewe ana uhakika ni miwili, kwa kuwa mmoja alikwisha kuulipia jioni moja kwa mama, duka likiwa limefungwa. Kijana wa dukani hana habari hizo. Hapo ndipo maneno yanapoanza, na mteja wa miaka mingi anaweza kuhama kwa sababu ya mfuko mmoja.

Hali kama hiyo haitokani na uhaba wa kompyuta, kwani zipo mbili. Kinachokosekana ni kuziunganisha ili zisome daftari moja. Hiyo ndiyo kazi ya mtandao wa kompyuta wa nyumbani. Kinyume na wanavyodhani wengi, hauhitaji chumba cha mitambo wala mtaalamu wa kuajiriwa. Unahitaji mpango, vifaa vichache na mtu mmoja wa kuusimamia.

Mtandao wa ndani si intaneti

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mtandao wa ndani na intaneti ni vitu viwili tofauti. Mtandao wa ndani huunganisha mashine za nyumba moja: kompyuta, printa na simu. Intaneti ni barabara kuu ya nje. Kompyuta ya duka inapochukua orodha ya wadaiwa kutoka kompyuta ya sebuleni kupitia mtandao wa ndani, hakuna hata senti ya kifurushi inayotumika, na kazi hiyo hufanyika hata kama salio limekwisha.

Historia yenyewe inaonyesha hivyo. Ethernet, njia ya kuunganisha kompyuta kwa waya inayotumika hadi leo, ilibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe akishirikiana na David Boggs katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani. Lengo lilikuwa kompyuta za jengo moja zizungumze na kutumia printa kwa pamoja. Afrika Mashariki nayo, kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, intaneti ilitegemea sana setilaiti. Hata hivyo, zilikuwapo ofisi ambazo tayari kompyuta zake zilikuwa zimeunganishwa kwa ndani.

Kwa hiyo, mfanyabiashara aliye mahali ambapo intaneti ni dhaifu hana sababu ya kuacha kuunganisha mashine zake.

Karatasi kabla ya vifaa

Kazi huanza kwa kalamu na karatasi. Mwenye nyumba achore ramani ya duka, nyumba na ghala, kisha aonyeshe kila mashine iliyopo na mahali inapokaa. Baada ya hapo apime umbali, hata kwa hatua za miguu. Kebo ya kawaida ya shaba hairuhusiwi kuzidi mita 100 kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Ikizidi hapo, mawasiliano huanza kusuasua.

Kisha ajiulize nani anahitaji nini. Kompyuta ya duka na printa hazihami, hivyo zinafaa kuunganishwa kwa waya. Simu na kompyuta mpakato huzunguka, hivyo zinafaa mawimbi ya waifai. Ghala je? Ikiwa hesabu ya magunia huchukuliwa mara moja kwa siku, mtunza ghala anaweza kuandika kwenye karatasi na kuiingiza jioni. Si kila kona ya uwanja inahitaji mtandao, na fedha iliyookolewa hapo inaweza kununua kifaa cha kulinda umeme.

Kiini cha mtandao ni ruta, yaani kifaa kinachogawa mawasiliano kwa mashine zote na kuziunganisha na intaneti. Ruta nyingi za nyumbani zina matundu manne ya waya pamoja na antena za waifai. Kwa familia hii ruta moja inatosha. Matundu yakipungua, huongezwa swichi ya mtandao, kifaa kidogo kinachofanya tundu moja liwe manne au manane.

Waya una uaminifu wake

Watu wengi hukimbilia waifai kwa kuwa haina kutoboa ukuta. Lakini kwa kompyuta inayoshika hesabu za duka, waya ni bora zaidi kwa sababu haukatikikatiki na jirani hawezi kuudaka akiwa nje. Kebo ya kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hupitisha takriban megabaiti 12.5 kila sekunde. Folda ya picha na stakabadhi yenye megabaiti 700 inaweza kuhamishwa kwa takriban dakika moja.

Kebo inayofaa ni ya daraja la Cat5e au Cat6, yenye nyuzi za shaba tupu. Mnunuzi awe macho, kwa sababu zipo kebo za bei ndogo ambazo nyuzi zake ni alumini iliyopakwa shaba. Hizo hukatika upesi na hupoteza nguvu kwenye masafa marefu. Njia rahisi ya kuitambua ni kukwangua uzi kwa kisu. Ukionekana wa rangi ya fedha ndani, hiyo si shaba tupu.

Ndani ya kebo kuna nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili. Fundi huzipanga kwa rangi na kuzibana kwenye plagi ya RJ45. Mpangilio unaotumika sana ni huu: nyeupe yenye mstari wa chungwa, chungwa, nyeupe yenye mstari wa kijani, bluu, nyeupe yenye mstari wa bluu, kijani, nyeupe yenye mstari wa kahawia, kahawia. Ncha zote mbili zifuate mpangilio mmoja. Kebo ipitishwe kwenye bomba la plastiki, mbali na panya, na isifungwe pamoja na nyaya za umeme.

Mahali pa kuweka ruta

Waifai nayo ina tabia zake. Mawimbi ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri kuliko yale ya 5 GHz, ambayo yana kasi kubwa kwa masafa mafupi. Adui wao mkubwa ni chuma na maji. Ukuta wa bati, mlango wa chuma, nondo nyingi ukutani au tangi la maji lililojaa hudhoofisha mawimbi.

Ndiyo maana ruta iliyofichwa ndani ya kabati la chuma, au kuwekwa sakafuni nyuma ya magunia, huwasumbua wenyewe. Inafaa ikae juu, katikati ya nyumba, mahali penye hewa. Mjini, penye maduka mengi yaliyobanana, ruta za majirani huingiliana. Kwa mawimbi ya 2.4 GHz, chaneli zinazoshauriwa ni 1, 6 na 11, kwa kuwa hazipandiani. Ikiwa jirani yuko kwenye 6, mwenye duka achague 1 au 11.

Kila mashine na namba yake

Ruta hupatia kila mashine namba inayoitwa anwani ya IP. Namba hizo za ndani mara nyingi huanza na 192.168. Ni miongoni mwa namba zilizotengwa kwa ajili ya mitandao ya ndani, kwa utaratibu uliochapishwa mwaka 1996, na hazitumiki kwenye barabara kuu ya intaneti. Ni kama chumba namba 3 cha nyumba ya wageni. Kila nyumba ya wageni ina chumba namba 3, na wageni hawagongani kwa kuwa kila mmoja yuko kwenye nyumba yake.

Kwa kawaida ruta hugawa namba hizo yenyewe, na namba ya mashine inaweza kubadilika. Kwa simu hilo halina shida. Kwa printa na kompyuta inayotunza daftari ni usumbufu, kwani leo zinapatikana na kesho hazionekani. Dawa yake ni kuingia kwenye ukurasa wa ruta na kuzitengea namba za kudumu. Namba hizo ziandikwe kwenye ile karatasi ya ramani.

Daftari likae wapi?

Hapa ndipo uamuzi mkubwa wa mwenye duka ulipo. Daftari kuu linapaswa kukaa kwenye kompyuta moja tu, na nyingine zote zilisome kutoka hapo. Kompyuta mpakato haifai kwa kazi hiyo. Mama akisafiri nayo kwenda Njombe mjini, duka litabaki bila daftari. Daftari likae kwenye kompyuta isiyosafiri, ambayo katika mfano huu ni ile ya dukani.

Folda yenye daftari hushirikishwa kwa ndani, na kila mtumiaji hupewa jina lake na neno lake la siri. Mama apewe ruhusa ya kusoma na kuandika. Mtunza ghala apewe ruhusa ya kusoma tu, au asipewe kabisa kama hahusiki na madeni. Kwenye kompyuta, mtandao wa nyumbani uwekwe kama mtandao binafsi. Kompyuta mpakato inapounganishwa hotelini au stendi, mtandao huo uwekwe kama wa umma, ili wageni wasione folda hizo.

Ipo tahadhari moja. Daftari la kawaida la mahesabu likifunguliwa na mtu mmoja, wa pili mara nyingi huambiwa anaweza kulisoma tu. Huo si ubovu, bali ni kinga ili mmoja asifute kazi ya mwenzake. Kwa hiyo wazoee kulifunga wanapomaliza. Duka lenye wauzaji watatu au zaidi linafaa kutafuta programu ya mauzo iliyotengenezwa kwa watumiaji wengi kwa wakati mmoja.

Funguo mbili tofauti

Ruta ina funguo mbili, na wengi hulinda mmoja tu. Wa kwanza ni neno la siri la waifai, ambalo ni kama ufunguo wa geti. Wa pili ni neno la siri la kuingia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe, ambalo ni kama ufunguo wa sefu. Ruta ikibaki na neno la kiwandani, aliyepita getini anaweza kulijaribu, akabadilisha mipangilio na kumfungia nje mwenye mali.

Siku ya kwanza, maneno yote mawili yabadilishwe, na yasifanane. Ulinzi wa waifai uwekwe kwenye WPA2 au WPA3. Ule wa zamani wa WEP ulionekana kuwa dhaifu tangu mwaka 2001, na haufai kutumika tena. Kitufe cha kuunganisha haraka kinachoitwa WPS nacho kizimwe. Mfanyakazi akiacha kazi, maneno ya siri yabadilishwe siku hiyo hiyo, kama mtu anavyobadilisha kufuli.

Wateja wanaoomba waifai wapewe mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi za sasa zinao. Wataingia intaneti lakini hawataona kompyuta ya duka. Jambo hili si la hiari tu. Daftari la madeni lina majina na namba za simu za watu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kama Kenya ilivyo na yake ya mwaka 2019. Anayetunza taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda.

Kifurushi kinakwenda wapi?

Malalamiko makubwa katika nyumba nyingi ni kifurushi kuisha kabla ya siku zake. Hesabu yake si ngumu. Video hutumia takriban gigabaiti 1 kwa saa, na ile ya picha kali hufikia gigabaiti 3. Mtoto anayetazama saa mbili kila siku kwa kiwango cha chini hutumia gigabaiti 60 kwa mwezi. Stakabadhi na barua pepe za duka hazifiki hata sehemu ndogo ya hapo.

Ukurasa wa ruta huonyesha orodha ya mashine zilizounganishwa, na baadhi ya ruta huonyesha pia kila moja imetumia kiasi gani. Simu isiyojulikana ikionekana kwenye orodha, neno la siri limevuja. Vilevile kompyuta hupakua maboresho ya programu zenyewe bila kuuliza. Inafaa kuiarifu kompyuta kwamba mtandao una kikomo, kisha maboresho yafanywe kwa ratiba, kwa mfano usiku wenye kifurushi cha bei nafuu.

Hata hivyo, kuyazuia moja kwa moja ni hatari. Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150, ikivuruga hata hospitali za Uingereza. Ilipenya kupitia tundu katika mfumo wa Windows wa kushirikisha mafaili, ule ule unaotumika kwenye mitandao midogo. Kinga yake ilikuwa imetolewa Machi mwaka huo, lakini wengi hawakuwa wameiweka. Anayenunua kompyuta iliyotumika naye aangalie toleo lake. Windows 7 iliacha kupewa kinga za kawaida Januari 2020. Windows 10 ilifuata Oktoba 14, 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye huduma ya nyongeza.

Umeme na radi

Nyanda za Juu Kusini zina mvua za radi, na kebo ya shaba inayopita nje kutoka jengo moja hadi jingine inaweza kuleta umeme wa radi hadi kwenye kompyuta. Kama ghala lazima liunganishwe, ni salama zaidi kutumia kebo ya nyuzi za kioo isiyo na chuma ndani, au jozi ya vifaa vya mawimbi vinavyotazamana. Hivyo vya nje navyo vifungwe kinga ya radi na waya wa ardhini na fundi umeme anayejua kazi yake. Mawingu yanapokusanyika, dawa rahisi kuliko zote ni kuchomoa plagi za umeme pamoja na kebo zinazotoka nje, kabla radi haijafika.

Umeme ukikatika daftari likiwa linahifadhiwa, faili linaweza kuharibika. Kifaa cha kutunza umeme kwa dakika chache, maarufu kama UPS, humpa mtu nafasi ya kufunga kazi na kuzima kompyuta taratibu. Ruta yenyewe hula umeme kidogo, na nyingi hutumia volti 12. Mwenye sola asiiunganishe kwenye betri moja kwa moja, kwani betri ya volti 12 hupanda hadi volti 14 na zaidi inapochajiwa. Atumie kifaa cha kusawazisha volti, baada ya kusoma maandishi yaliyo chini ya ruta.

Nakala tatu, na moja iwe mbali

Mtandao unaofanya kazi vizuri una hatari yake: kosa moja hufika kila mahali. Aliyefuta daftari dukani amelifuta kwa wote. Kwa hiyo kanuni inayopendekezwa ni nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, na moja ikae nje ya jengo. Kwa familia hii, daftari kuu liko dukani. Nakala ya pili huenda kila jioni kwenye kompyuta ya mama kupitia mtandao wa ndani. Ya tatu huwekwa kila wiki kwenye diski ya nje inayopelekwa kwa ndugu anayeaminika, ikiwa imefungwa kwa neno la siri.

Diski hiyo isiachwe imechomekwa, kwa sababu programu kama WannaCry hufunga pia nakala zinazofikika. Aidha, mara moja kwa mwezi nakala ifunguliwe na kusomwa. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni kama mbegu ambayo haijajaribiwa kuota.

Msimamizi mmoja

Mtandao wa nyumbani huharibika zaidi kwa kukosa mwenyewe kuliko kwa ubovu wa vifaa. Kila mtu hugusa mipangilio, na hakuna anayekumbuka alichogusa. Achaguliwe mtu mmoja, awe mama, baba au kijana aliyesoma kompyuta. Kazi yake haizidi saa moja kwa wiki: kutazama orodha ya mashine, kuweka maboresho, kukagua nakala na kuandika kwenye daftari la karatasi kila kilichobadilishwa. Maneno ya siri yawekwe kwenye bahasha mahali panapofungwa, ili msimamizi akiugua au kusafiri, duka lisisimame.

Likitokea tatizo, aanze na yaliyo karibu. Je, taa ya ruta inawaka? Kebo imechomekwa sawasawa? Mashine nyingine inapata? Kama printa inachapa lakini intaneti haipatikani, mtandao wa ndani ni mzima na shida iko nje, kwa mtoa huduma au kwenye salio. Kwa maswali hayo matatu au manne, safari nyingi za kumwita fundi huepukwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa familia ya Makambako ulikuwa flashi moja iliyochelewa siku chache. Siku kompyuta zao zitakaposoma daftari moja, mama atapokea malipo jioni akiwa sebuleni na kuyaandika pale pale. Asubuhi mkulima akifika dukani, kijana atafungua orodha na kuona mifuko miwili, sawa na anavyosema mkulima.